Nahodha Aliyegeuka Fundi: Kocha Anayestahili Kutajwa

Mazungumzo kwa wakazi wa Jego, Lunga Lunga, kuhusu michezo ya vijana na wanaoifundisha

  

Kuna msemo ambao kila mtu hapa anaujua: mcheza kwao hutuzwa. Kwenye ngoma ya sengenya, anayecheza vizuri haondoki mikono mitupu. Watu husimama wakamtuza, na jina lake likatajwa hadi vijiji vya pili. Lakini ni nadra kumwona mtu akienda nyuma ya wapigaji ngoma kumtafuta yule aliyemfundisha mchezaji huyo hatua zake za kwanza. Mwalimu huwa amekaa pembeni na shughuli inaendelea bila yeye kutajwa.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu wa namna hiyo. Jina lake ni Avtar Singh Sohal. Katika mkutano kama huu, wengi wanaweza kutaja makocha wawili watatu wa soka ya Uingereza. Wakiulizwa kuhusu Avtar Singh Sohal, huenda ikawa kimya. Hilo si kosa la mtu mmoja. Linaonyesha kile ambacho sisi kama nchi tunakihesabu, na kile ambacho tunakiacha kipite.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1938. Mchezo wake ulikuwa mpira wa magongo, na nafasi yake uwanjani ilikuwa beki. Alikwenda Michezo ya Olimpiki mara nne: Rome mwaka 1960, Tokyo mwaka 1964, Mexico City mwaka 1968 na Munich mwaka 1972. Mara tatu kati ya hizo alikuwa nahodha. Ile ya Tokyo ndiyo Olimpiki ya kwanza ambayo Kenya ilishiriki ikiwa nchi huru, na timu ya magongo ilimaliza katika nafasi ya 6 duniani. Alipoacha kucheza alikuwa ameiwakilisha Kenya katika mechi 167 za kimataifa, idadi iliyoingizwa katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1971, Kombe la Dunia la mpira wa magongo la wanaume lilichezwa kwa mara ya kwanza mjini Barcelona, Uhispania. Timu zilikuwa 10. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji bao 1 kwa 0. Katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu ilikutana na India, nchi ambayo kwa miongo mingi ilikuwa mwalimu wa dunia katika mchezo huu. Dakika za kawaida zilimalizika bila mshindi. India ikapata ushindi wa mabao 2 kwa 1 katika muda wa ziada, na Kenya ikawa ya nne duniani.

Tuliweke hilo kwa lugha rahisi. Nchi iliyokuwa na umri wa karibu miaka 8 tangu uhuru ilikuwa miongoni mwa timu nne bora za dunia katika mchezo wa wachezaji 11 kila upande, na ilikosa medali kwa bao moja. Leo wanafunzi wengi wa Kenya humaliza shule bila kulisikia hilo.

Baada ya kuacha kucheza, Avtar Singh Sohal hakuufunga mlango. Aliifundisha timu ya taifa ya Kenya, na pia akawa mwamuzi wa kimataifa. Hapo ndipo penye hoja ya leo. Mechi zake 167 kama mchezaji zilihesabiwa moja baada ya nyingine, zikaandikwa kitabuni. Kazi yake kama kocha haikupata kitabu cha namna hiyo. Hakuna anayehesabu ni asubuhi ngapi kocha alifika uwanjani kabla ya vijana. Hakuna anayehesabu ni mara ngapi alishika gongo la kijana akamgeuza mkono kidogo, au ni wangapi waliotaka kuacha mchezo akawafuata nyumbani. Kinachohesabika hukumbukwa, na kazi ya kocha ni vigumu kuhesabika.

Watu wa ukanda huu, kuanzia Vanga na Jimbo hadi Shimoni, wanaijua tofauti kati ya nahodha na fundi wa chombo. Nahodha ndiye anayeonekana. Dau likirudi salama na samaki wengi, watu humsifu yeye, na ni haki yake. Lakini dau lilichongwa na fundi, na mbao zake zilikaa vizuri kwa sababu mtu alijua namna ya kuzipinda, na maji hayaingii kwa sababu mtu alikalafati kila pengo. Fundi hakwenda baharini siku ile, ila kazi yake ilikwenda. Avtar Singh Sohal alikuwa nahodha, halafu akageuka fundi. Dunia ilimwona vizuri alipokuwa nahodha.

Hata sherehe za michezo zimepangwa hivyo. Katika Michezo ya Olimpiki, medali huvishwa wachezaji. Kocha wa timu iliyoshinda dhahabu havishwi chochote. Husimama pembeni akipiga makofi kama watazamaji wengine.

Ni vyema kueleza kocha wa magongo hufanya nini hasa, kwa sababu mchezo huu haujazoeleka sana huku kwetu. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, mmoja wao akiwa kipa. Siku hizi mechi ina vipindi vinne vya dakika 15 kila kimoja. Zamani vilikuwa viwili vya dakika 35. Gongo lina upande bapa na upande wa mviringo, na mpira huchezwa kwa upande bapa peke yake. Bao halikubaliki ila mpira uwe umeguswa na mshambuliaji akiwa ndani ya eneo lililochorwa mbele ya goli. Ulinzi ukifanya kosa ndani ya eneo hilo, wapinzani hupewa kona fupi, na hapo watetezi watano tu, kipa akiwemo, ndio wanaoruhusiwa kusimama nyuma ya mstari wa goli. Mechi nyingi huamuliwa na kona hizo.

Kijana hawezi kuyajua hayo kwa kutazama tu. Kupokea mpira mgumu unaokuja kwa kasi bila ya kuurusha juu ukamuumiza mwenzako ni ujuzi wa kufundishwa. Kugeuza gongo haraka ili upande bapa uelekee mpira ni mazoezi ya miezi. Kona fupi moja ina mtu wa kuutoa mpira, mtu wa kuutuliza na mtu wa kupiga, na wote watatu wanapaswa kufanya kazi yao ndani ya sekunde chache. Yote hayo yako kichwani mwa kocha kabla hayajafika miguuni na mikononi mwa wachezaji.

Sasa tazama kocha wa Kenya alikuwa akifanya kazi hiyo katika kipindi gani. Wachezaji wengi wa ile timu kubwa walikuwa Wakenya wenye asili ya Kihindi, hasa Masingasinga na Wagoa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, maelfu ya familia za jamii hizo zilihama kwenda Uingereza, Canada na kwingineko. Sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya wengi waone hawana uhakika wa kesho. Kila familia iliyopanda ndege iliondoka na mchezaji wa leo au mtoto ambaye angekuwa mchezaji wa kesho.

Pigo la pili likaja mwaka 1976. Olimpiki ya Montreal ilikuwa ya kwanza kuchezesha magongo kwenye nyasi bandia. Mpira ukawa na kasi nyingine na mbinu za zamani hazikutosha tena. Nchi tajiri zilitandika viwanja vipya, huku nchi nyingi za Afrika zikiendelea kufanya mazoezi kwenye nyasi za kawaida na kwenda kushindana kwenye uwanja usiofanana na wa nyumbani.

La tatu lilikuwa la siasa. Kenya iliungana na nchi nyingine za Afrika kususia Olimpiki ya 1976, kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi. Ikasusia tena ile ya Moscow mwaka 1980. Msimamo wa mwaka 1976 ulikuwa wa heshima. Lakini kwa timu ya magongo, susia hizo mbili zilimaanisha miaka 12 bila Olimpiki, kutoka Munich 1972 hadi Los Angeles 1984. Kizazi kizima cha wachezaji kilizeeka kikisubiri.

Pamoja na yote hayo, mwaka 1984 Kenya ilirudi Olimpiki na kumaliza ya 9 kati ya timu 12. Mwaka 1988 ikaenda Seoul. Tangu hapo timu ya wanaume haijarudi tena. Swali la kujiuliza si kwa nini Kenya iliporomoka, maana sababu zinaonekana. Swali ni nani aliushikilia mchezo usife kabisa. Jibu ni makocha na walimu waliobaki. Wachezaji walihama, viwanja vilichakaa, tiketi za Olimpiki zilikosekana. Kilichobaki ni ujuzi, na ujuzi hukaa ndani ya watu. Mtu aliyecheza Barcelona akija kumfundisha kijana mwaka wa baadaye, basi Barcelona haijapotea yote.

Hiyo ndiyo sababu kocha wa aina ya Avtar Singh Sohal anastahili kutajwa zaidi. Sifa za mechi 167 alishazipata. Deni lililobaki ni la kazi ile isiyokuwa na hesabu, ya kumpokeza mwingine alichokuwa nacho, katika wakati ambao kila kitu kilikuwa kinamwambia kazi hiyo haina faida.

Wala hadithi hii si ya zamani pekee. Upande wa akina dada, Kenya ina kocha mwingine ambaye wapenzi wa magongo wanamjua vyema na wengine hawamjui kabisa: Jos Openda. Kwa miaka mingi alikuwa kocha wa timu ya wanawake iliyojulikana kama Telkom. Timu hiyo ilichukua ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka baada ya mwaka, na ikaleta nyumbani kombe la klabu bingwa Afrika mara nyingi. Ni klabu chache za Kenya, katika mchezo wowote, zilizotawala bara kwa namna hiyo. Lau ingekuwa soka ya wanaume, kocha wake angesimamishwa barabarani kwa kupigwa picha.

Kisha kampuni iliyokuwa ikiidhamini ikaacha. Jina lilibadilika, timu ikaitwa Blazers. Wachezaji na kocha wakaendelea. Kwa mtu anayetaka kuipima kazi ya kocha, hapo ndipo pa kupimia. Mdhamini akiondoka, huondoka na nauli, jezi na posho. Asipokuwepo mtu wa kuwaambia wasichana kwamba kesho saa za mazoezi ni zile zile, timu huvunjika ndani ya mwezi mmoja. Magazeti huandika kombe lilipopatikana, lakini siku ile ya mazoezi bila mdhamini haiandikwi popote.

Ndugu wananchi, mtu anaweza kuuliza: Barcelona na Nairobi zinatuhusu nini sisi wa Jego? Hapa hakuna nyasi bandia. Ni kweli. Kenya nzima viwanja vya namna hiyo ni vichache mno. Lakini kila mmoja hapa anamjua mwalimu ambaye kengele ya jioni ikilia haendi nyumbani moja kwa moja. Anabaki na watoto uwanjani, iwe ni kandanda, voliboli, mpira wa mikono au riadha. Mpira ukipasuka anautoa mfukoni mwake. Siku ya mashindano anatafuta gari, anaomba ruhusa kwa wazazi mmoja mmoja, na anahakikisha kila mtoto wa kike amerudi kwao kabla ya giza. Watoto wakishinda, shule husifiwa. Wakishindwa, yeye huulizwa.

Mtu huyo ndiye Avtar Singh Sohal wa hapa. Naye, kama wale wengine, anaweza kuchoka. Akihamishwa au akiamua kuacha, hakuna atakayeandika kwamba kuna kitu kimepotea. Mwaka unaofuata timu itashindwa, na watu watasema watoto wa siku hizi hawana bidii.

Kutambua kazi ya kocha hakuhitaji mambo makubwa. Kwanza ni kumtaja. Siku ya kugawa zawadi shuleni, baada ya kumwita nahodha wa timu, mwiteni na aliyewafundisha, kwa jina lake kamili, mbele ya wazazi. Pili ni kuandika. Kila timu ya kijiji iwe na daftari: nani alifundisha, mwaka gani, mchezo gani, vijana gani walipita mikononi mwake. Daftari la shilingi chache linaweza kuhifadhi kile ambacho nchi nzima ilishindwa kukihifadhi. Tatu ni mzazi kufika uwanjani. Kocha anayeona wazazi wawili watatu chini ya mwembe wakitazama mazoezi hujua kwamba hayuko peke yake.

Nne ni upande wa serikali ya kaunti, na hapa wananchi wana haki ya kudai. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka shughuli za michezo na viwanja vyake miongoni mwa kazi za kaunti. Ni rahisi kwa serikali yoyote kujenga magoli, kugawa jezi na kupiga picha, kwa sababu vitu hivyo vinaonekana. Mafunzo ya makocha hayapigiki picha vizuri. Lakini magoli bila kocha ni miti miwili iliyosimama.

Sheria inataka wananchi washirikishwe katika kupanga matumizi ya fedha za kaunti. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo kuna vikao vya kuchukua maoni ya umma. Mara nyingi katika vikao hivyo husemwa barabara, maji na zahanati, na ni sawa, kwa kuwa hayo ndiyo maisha. Vijana na walimu wakija nao waseme: tunataka uwanja, na tunataka pia anayefundisha uwanjani asomeshwe, apewe cheti, ajue huduma ya kwanza, na ajue namna ya kumlinda mtoto. Neno lililosemwa kikaoni huandikwa. Lililosemwa barazani nyumbani haliandikwi.

Kuna wazee watakaosema kwamba kocha mwema hatafuti sifa. Ni kweli, hatafuti. Lakini sisi tunaomnyima ndio tunaopata hasara. Kijana wa miaka 17 anayeona kwamba mchezaji hushangiliwa na mwalimu wake hasalimiwi, hatatamani kamwe kuwa mwalimu. Atacheza hadi magoti yachoke, kisha ataondoka na ujuzi wake wote. Kenya ilishapitia hayo katika mpira wa magongo. Ilikuwa ya nne duniani mwaka 1971, ikakosa watu wa kutosha wa kuipokeza kizazi kilichofuata, na wachache waliofanya kazi hiyo haikuwashukuru ipasavyo.

Kwa hiyo ombi la leo ni dogo. Kabla ya mwezi huu kwisha, kila mtu mzima aliyewahi kufundishwa mchezo wowote na mtu ambaye bado yu hai, amtafute. Kama yuko Jego, aende kwake. Kama amehamia Msambweni, Ukunda au Tanga, ampigie simu. Amwambie alimfundisha nini, na kwamba hajasahau. Na aliyefundishwa na mtu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, amtajie mwanawe jina la mwalimu huyo.